Siku moja ya fundi redio wa Mtwara anayetetea kimya

Saa 12 asubuhi

Kazi yangu ni kufufua sabufa, redio na televisheni hapa Mtwara mjini. Kazi yangu ya pili, isiyoniingizia hata shilingi, ni kubishana na watu kuhusu filamu za kutisha. Leo nimeamka macho mazito kwa sababu ya hiyo ya pili. Usiku nilikuwa narudia Weapons ya Zach Cregger, iliyotoka 2025, spika za masikioni nimezibana ili nisiamshe nyumba nzima.

Kisa chenyewe ni hiki: watoto 17 wa darasa moja wanaamka saa nane na dakika kumi na saba usiku, kila mmoja kwao, wanafungua mlango na kukimbilia gizani mikono wameitanua. Hawarudi. Darasani anabaki mmoja tu. Mengine nitayasema mchana.

Mke wangu ananimiminia chai na kuuliza kama hao watoto wamepatikana. Namwambia aangalie mwenyewe. Anasema yeye ana watoto wa kutosha kuwatafuta asubuhi waende shule.

Saa 2 asubuhi

Nafungua fremu. Mama wa ming'oko, vile viazi vya porini, keshapanga beseni lake nje, na wateja wake wanakaa kwenye benchi langu kana kwamba tumeingia ubia. Huu ni msimu wa korosho. Malipo ya mnada yakishaingia, vitu vilivyolala uvunguni mwaka mzima vinapandishwa kwenye basi kutoka Newala na Tandahimba kuja mjini kutengenezwa.

Wa kwanza leo ni mzee wa Tandahimba na sabufa inayokoroma. Naifungua: mpira wa pembeni wa koni umechanika, na ndani mende wamejenga ukoo. Nabadilisha koni, nachomelea waya upya, napima kwa mita, naiwasha. Mafundi wengi hujaribia singeli. Mimi najaribia zile noti mbili za John Williams kwenye Jaws, maana ziko chini kabisa na zinatembea taratibu. Spika yenye ugonjwa haiwezi kuzificha.

Mzee akaniuliza kwa upole, "Fundi, mbona unanijaribia kwa wimbo wa msiba?"

Nikamweleza. Jaws ni ya 1975, Steven Spielberg ndiye aliyeiongoza, na yule papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kila wakimtia kwenye maji ya chumvi. Ikabidi papa asionekane sana, na muziki ushike nafasi yake. Hilo naliamini bila kuapishwa, maana chumvi ya Bahari ya Hindi ndiyo inayonilipia kodi ya fremu. Bodi ya televisheni ya mtu wa Shangani, kando ya bahari, na ya mtu wa Masasi, kule bara, hazizeeki sawa.

Mvuvi wa Msangamkuu aliyekuwa akimenya ming'oko kwenye benchi akadakia: "Yaani Wazungu wanamkimbia papa? Si angekaushwa, akapikwa na nazi?" Benchi zima likamuunga mkono. Sikushindana naye.

Saa 5 asubuhi

Vijana wa mtaani wanapita na maswali yao. Wanajua nitakuwa mkali, na nadhani ndicho wanachokifuata.

Wa kwanza kaileta The Conjuring: Last Rites. Namwambia ule mfululizo wa nyumba zenye mashetani ulianza vizuri mwaka 2013, lakini sasa umekuwa mashine ya kufungua milango. Kimya kidogo, kisha PAAA! Pikipiki ikikupigia honi kisogoni nayo inakushtua, lakini hutalala ukiiwaza. Halafu ukiangalia filamu za namna hiyo na watu wa huku, swali ni lile lile: "Kwa nini wasihame?" Na swali la pili, la bibi zetu: "Hakuna hata mmoja anayejua dua?"

Wa pili anaitaka 28 Years Later ya Danny Boyle. Hiyo naipa nafasi. Sehemu kubwa waliipiga kwa simu za iPhone, wakazifungia lenzi na vikorokoro vyao. Kijana akaitazama simu yake kwa heshima mpya. Nikamwambia asijidanganye, simu haikutembea peke yake, lakini pia asiniambie tena kwamba anasubiri kamera ya mamilioni ndipo aanze.

Kuhusu Nosferatu ya Robert Eggers, ya 2024, nina kisa. Kuna mteja aliniletea televisheni akidai taa za nyuma ya kioo zimekufa. Nikaiwasha, taa nzima, picha safi. Nikamuuliza aliona nini kabla haijafa. Kumbe alikuwa anaangalia Nosferatu! Ile filamu imetengenezwa kwa giza na mishumaa, na kwenye televisheni ndogo, mchana, pazia wazi, utaona uso wako tu. Wenzetu walioingia sinema ya Mlimani City kule Dar kuiona kwenye kioo kikubwa wameona filamu nyingine kabisa. Kwa macho yangu ni nzuri, ila siyo ya kibanda umiza, haya mabanda yetu ya kuonyeshea mpira na video.

Saa 8 mchana

Ugali wa muhogo na kisamvu, nyumba ya nyuma ya fremu, kwa bibi mmoja ambaye si bibi yangu wa damu ila ananiita mjukuu na kunitukana kama wa damu. Huwa namsimulia filamu nilizoona. Yeye ndiye mhakiki, mimi naleta taarifa.

Asiyeiona Weapons na anayetaka kuiona aruke hapa, aende saa 11.

Nikamweleza: kumbe kuna ndugu wa upande wa mama, mwanamke mzee aliyejipaka rangi usoni, amekuja kukaa kwa yule mtoto aliyebaki. Anasema ni mgonjwa. Anapewa chumba. Baada ya siku chache baba na mama wa nyumba wamekaa kwenye viti macho wazi, hawasemi, hawaamki, mtoto anawalisha supu kwa kijiko. Mwanamke ana kijiti, ana maji kwenye bakuli, na anachohitaji ni unywele au kitu chako chochote.

Bibi akaacha kula. "Ndondocha," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na hao watoto kawaweka chini?"

"Chini ya nyumba. Wamesimama gizani."

"Wanalima?"

Swali hilo limenikaa kichwani mchana kutwa. Maana huku kwetu ndondocha halali njaa akitafuta ubongo wa mtu. Ndondocha ni kibarua. Amekufa machoni pa ndugu zake, wamemlilia na kumzika, naye yuko shambani kwa mtu usiku, analima. Kinachotisha ni kwamba hata kifo hakikumpa mapumziko. Zombi wanaokimbia na kuuma ni mtindo ulioanza kukua baada ya George Romero na Night of the Living Dead ya 1968. Zombi wa mwanzo, wa Haiti, alikuwa mtumwa vilevile. Tazama White Zombie ya 1932: maiti wanasukuma mashine ya kusaga miwa. Mtu wa Haiti na bibi yangu wangeelewana bila mkalimani, halafu wote wawili wangewacheka zombi wa siku hizi wasio na kazi maalumu.

Bibi hakulijali hilo la Haiti. Kilichomkera ni wale wazazi. "Mgeni kaja hana taarifa, hana hata kuku mkononi, wakampa chumba." Kwake filamu ilikuwa imekwisha hapo.

Nami nakubaliana naye zaidi kuliko alivyodhani. Weapons inatisha kwa sababu ubaya unaingia kwa mlango wa udugu, na mgonjwa wa ukoo hafukuzwi. Nyakati ambazo Cregger anatuchekesha, hasa mwishoni, ndizo zinazogawa watu. Mimi zilinipunguzia hofu, ingawa nilicheka.

Saa 11 jioni

Umeme ukakatika. Joto la kabla ya mvua, feni limesimama, sabufa nne ziko mezani matumbo wazi. Hakuna kazi, basi tukakaa nje tukaizungumzia Sinners.

Kama mtu angenilazimisha nichague moja tu katika za karibuni, ningeichagua hii ya Ryan Coogler ya 2025. Mississippi, 1932. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Smoke na Stack, wanaorudi kwao na kununua kiwanda cha mbao ili wafungue ukumbi wa muziki. Usiku wa ufunguzi wanatokea wanyonya damu. Wanasimama mlangoni. Wanaimba vizuri, wanasema kwa adabu, wanaomba wakaribishwe, kwa sababu pasipo kukaribishwa hawawezi kuvuka kizingiti.

Kwa mtu aliyelelewa Uswahilini huo ni mtihani mbaya sana. Mtu kapiga hodi, kasalimia, kaja na gitaa, unamwachaje nje? Nilipoiona mara ya kwanza nilijikuta namwambia mlinzi wa mlango kwenye kioo asijibu kitu. Asijibu hata salamu.

Na kuna ile sehemu ambayo kijana Sammie anapiga gitaa, wakati unapasuka, na humo ukumbini wanaingia wapiga ngoma wa kale wa Afrika, mtu wa gitaa la umeme, DJ na mashine zake, wote wanacheza pamoja. Kijana wangu wa kazi akasema hapo alikosekana lipiko. Kasema kweli. Kinyago cha Kimakonde chenye nywele za mtu, kinakuja kikicheza siku ya jando, na wasioingia jandoni wanaambiwa huyo si mtu. Wapo wazee wa hapa mjini, wamesoma, wamestaafu, na bado wakisikia ngoma ya mapiko wanasogea nyuma hatua moja. Sisi tuna vitu hivi mlangoni. Zamani tulijaribu: Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, miaka ya mwanzo ya 2000, tuliziangalia kwenye kaseti tukilala watatu kitanda kimoja. Nasubiri mtu wa kusini aingie kazini sasa, na akija anitafute mimi kwa upande wa sauti.

Umeme umerudi saa 12 na nusu. Sabufa mbili zimekwisha, mbili kesho.

Saa 2 usiku

Kibanda umiza cha Magomeni. Mpira umekwisha, na baada ya mpira saa mbili hizi ni zangu kwa makubaliano: mimi namtengenezea mwenye banda spika zake bure, yeye ananiachia nichague filamu mara mojamoja. Leo nimechagua A Quiet Place ya John Krasinski, ya 2018. Si mpya, lakini wengi hapa hawajaiona jinsi ilivyotengenezwa.

Ugomvi wetu ndio huo. Mwenye banda anataka iliyotafsiriwa. Tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu, watu wa mabanda wamezoea sauti ya mtafsiri juu ya filamu, anayeeleza, anayetania, anayewapa wahusika majina ya mtaani. Kwa filamu za mapigano nampenda mtafsiri kuliko filamu yenyewe. Lakini filamu ya kutisha inaishi kwenye kimya, na mtafsiri akiona kimya anakijaza. Sasa A Quiet Place ni familia inayoishi bila kutoa sauti, kwa sababu kuna viumbe vipofu vinavyowinda kwa kusikia. Wanatembea pekupeku juu ya mchanga. Wanaongea kwa ishara za mikono. Utaitafsiri nini?

"Wazee hawatafuata," akasema mwenye banda.

"Kaka, hakuna cha kufuata. Hawasemi!"

Tukakubaliana: nisimame mbele nieleze kidogo mwanzoni, kisha nikae. Nikaomba pia feni lizimwe. Hapo nilizomewa.

Dakika za kwanza zilikuwa mbaya. Mtu anatafuna karanga, mtu anapokea simu, mlevi wa uraka, pombe ya mabibo, nyuma kabisa anauliza sauti iko wapi. Halafu mtoto mdogo wa filamu akawasha kile kichezeo chake cha roketi darajani. Kikalia. Baba akakimbia. Hakufika.

Karanga zikakoma. Kuanzia hapo sikulitazama pazia tena, nilikuwa nawatazama watu. Mama mjamzito aliposhuka ngazi na ule msumari uko pale, umesimama, jamaa mmoja wa bodaboda akakunja vidole vya miguu ndani ya kandambili. Nikajua tumeshinda. Watu wakipiga kelele kwenye filamu ya kutisha, wameshaanza kujitoa. Wakinyamaza, wamo ndani.

Kisha likaja lile ninalolipenda kuliko yote. Binti wa familia ni kiziwi, na Millicent Simmonds anayemcheza ni kiziwi kweli. Kifaa chake cha kusikilizia kinatoa mlio mkali kiumbe kikikaribia, ule ule wa maiki ikielekezwa kwenye spika, ugonjwa ninaoutibu kila wiki kwenye kumbi za harusi. Mlio ukajaa bandani. Mlevi wa uraka akasimama:

"Fundi! Spika yako imekufa!"

Banda lilicheka dakika nzima. Binti kwenye filamu alipokuja kugundua kwamba mlio huo ndio silaha, akausogeza kwenye maiki na kuupaza, watu wakageuka wote kumtazama mlevi, kana kwamba yeye ndiye aliyebashiri.

Saa 5 usiku

Nje, watu hawaondoki. Jamaa wa bodaboda anasema baba wa familia alikosea kumzalisha mkewe wakati kama ule. Mwingine anauliza kwa nini wasihamie kwenye maporomoko ya maji, ambako kelele haziishi. Swali zuri, nalitafakari bado. Mzee mmoja anasema ameelewa kila kitu, na kwamba kuanzia leo mtafsiri abaki na filamu za Kihindi.

Mwenye banda kahesabu pesa zake, akaridhika, akasema Jumamosi ijayo nilete Sinners bila mtafsiri, kwa masharti: nieleze mwanzoni dakika tano, na feni liwake. Dakika tano nimezikataa. Hapo kuna Mississippi ya 1932, mapacha wawili wenye sura moja, na ile sheria ya mlangoni. Tumekubaliana kumi, na feni namba moja.