Changamoto ya upumuaji

Mimi niliugua mwanzoni mwa 2021, na kipindi kile bongo takwimu za korona zilishaachwa kutolewa toka mwaka wa nyuma yake ziliposimama kwenye wagonjwa 509, kwa hiyo ugonjwa wenyewe haukuwa na jina, mara nimonia, mara "changamoto ya upumuaji", basi. Mama akaniandalia nyungu, michaichai, mwarobaini na malimao, nikafunikwa blanketi jasho linatiririka huku nawaza, hivi kitu kisipotajwa kinapungua uzito au ndo kinaongezeka? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua ila hawakusema tukificha wote inakuaje 😅

Harufu zilipotea kabisa, vitunguu vinakaangwa pembeni sisikii kitu. Lakini kilichonishtua zaidi ni hii pumzi, yani miaka yote najua ni yangu kumbe nimeipokea kwa mtu kwenye daladala nami nikampasia mwingine, wala hatukusalimiana. Sasa hapo mgonjwa ni nani hasa, mimi au daladala zima?

Wiki ya tatu asubuhi nikasikia harufu ya mafuta ya taa toka kwa jirani. Nikakaa mlangoni naivuta tu.