Namna ninavyomsomesha mtoto wa mkulima, Masindi

Nchini Uganda, shule za msingi za serikali hazitozi karo tangu mpango wa elimu ya msingi kwa wote (UPE) ulipoanza mwaka 1997, lakini katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Budongo watoto wa wakulima bado wanakatiza masomo. Kinachowatoa darasani ni chakula cha mchana, sare, madaftari na kazi za shamba. Fedha zangu za udhamini nazielekeza huko, na chakula ndicho kinachokula fungu kubwa.

Muhula una takriban siku 60 za masomo. Kwa gramu 150 za unga wa posho (ugali) na gramu 50 za maharage kwa siku, mtoto mmoja anahitaji kilo 9 za unga na kilo 3 za maharage. Mahindi yakikobolewa ili yatoe unga mweupe, karibu theluthi hubaki mashineni, kwa hiyo napeleka kilo 14 za mahindi. Wakikubali dona, kilo 10 zinatosha. Nanunua Januari au Agosti, mavuno yakiwa yamejaa sokoni. Ukisubiri Mei au Juni bei imepanda, na huo ndio wakati ambao nyumba nyingi hazina akiba.

Mahindi yasiyokauka vizuri ni hatari. Kabla ya kulipa, natia nafaka kwenye chupa kavu ya glasi hadi theluthi, naongeza vijiko kadhaa vya chumvi kavu, natikisa kwa dakika moja, kisha naiacha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, yarudi juani. Nafaka yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 huota ukungu guniani, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa.

Maharage naiachia familia itoe. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inamwekea mzazi jukumu la chakula na mavazi, na kwa maoni yangu mdhamini anayebeba kila kitu humwondoa mzazi shuleni. Baba au bibi aliyeleta maharage yake huja pia kwenye mkutano wa wazazi.

Fedha taslimu sizitumi kwenye simu ya mzazi. Kutoa fedha hizo kuna ada ya wakala pamoja na kodi ya asilimia 0.5, tena mtoto mdogo akishikwa na malaria, ndizo zitakazompeleka zahanati, na hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa hilo. Chochote cha kulipwa shuleni nailipa shule moja kwa moja, nikaomba risiti yenye mhuri. Sare nampa fundi wa sokoni, mbili kwa mkupuo, upindo wa sentimita 5 ili ziweze kuteremshwa mtoto akirefuka. Msichana wa P5 (darasa la tano) na kuendelea anahitaji pedi za kufua na sabuni; bila hivyo hukosa siku kadhaa kila mwezi.

Kazi ya shamba ndiyo ngumu kuliko yote. Machi na Agosti ni kupanda, halafu mahindi yakianza kukomaa nyani hutoka msituni, na watoto ndio wanaowekwa walinzi. Ulinzi wa msimu wa pili huangukia karibu na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Makubaliano hufanywa kabla ya mbegu kuingia ardhini, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) akiwepo: watu wazima wa mashamba jirani walinde kwa zamu, mtoto aingie Jumamosi tu. Kisha namwomba mwalimu wa darasa anionyeshe daftari la mahudhurio. Ripoti ya muhula itaonyesha alama zimeshuka, ila daftari ndilo litakalokuonyesha ni wiki zipi alikosekana.

Mtoto naonana naye shuleni tu, mbele ya mwalimu, na simwahidi sekondari kabla sijaiwekea fedha.

Akiingia P7, darasa la mwisho la msingi, muhula wa kwanza kagua jina na tarehe ya kuzaliwa kabla shule haijamsajili UNEB, baraza la mitihani. Hakikisha vinafanana na kumbukumbu za NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa vizazi, herufi kwa herufi, maana jina la PLE litamfuata kwenye vyeti vyote vijavyo, na kulirekebisha baadaye ni gharama. Kwenye PLE alama za masomo manne hujumlishwa, na ndogo ndiyo nzuri: bora kabisa ni 4, mbaya kabisa ni 36. Matokeo yakitoka, kidato cha kwanza kiko karibu mno, kwa hiyo fedha za godoro, sanduku na rimu za karatasi naanza kuziweka tangu yuko P6.