Sukari ya asubuhi ilinidanganya

Kisukari ninacho tangu 2009, na nilijiona fundi. Nameza metformini na glibenklamidi, wali kidogo, na kila nikienda kliniki hapa Kigoma sukari ya asubuhi inasoma 6 au 7. Mgongo ulipoanza kuuma nikasema ni mizigo niliyobeba bandarini ujanani inanidai. Kumbe ni tezi dume, na saratani ilishafika kwenye mifupa.

Matibabu nilianzishiwa hospitali ya Bugando, Mwanza: sindano ya homoni kila baada ya wiki 12, na vidonge vya abirateroni vinavyoambatana na prednisoloni. Sindano na abirateroni vinainyima saratani homoni ya kiume inayoilisha. Joto la ghafla lilinipata, msikitini najipepea kwa kofia, nikalizoea. Nisilojua ni kwamba mwili ukikosa homoni hiyo misuli hupungua, tumbo huota mafuta, na insulini, inayoshusha sukari mwilini, hupoteza nguvu. Prednisoloni nayo hupandisha sukari.

Kliniki ya sukari hawakuniuliza nameza dawa gani nyingine, nami sikusema. Kadi mbili, mgonjwa mmoja.

Sasa, abirateroni humezwa tumbo likiwa tupu, na baada yake unakaa saa nzima hujala. Mimi kwa mazoea nikawa nameza dawa zote kwa mpigo baada ya swala ya alfajiri, glibenklamidi ikiwemo, ambayo hushusha sukari na inataka chakula kiwe karibu. Asubuhi moja nimekaa uani nasubiri saa ipite, mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, kuku mmoja nikamwona wawili. Mke wangu akaja na kikombe. "Baba Zuhura, kunywa kwanza, maswali baadaye." Chai ya rangi, vijiko vinne vya sukari. Na miaka yote hiyo nilikuwa nagombana naye kwa kijiko kimoja!

Binti yangu akaninunulia mashine ya kupimia sukari na daftari la shule. Nipime alfajiri, saa kumi jioni na kabla ya kulala, niandike na nilichokula. Siku ya kwanza: alfajiri 6.4, saa kumi jioni 17.2. Nikaona mashine ni mbovu. Nikanawa mikono, nikatoboa kidole kingine: 16.9. Wiki nzima ikawa hivyohivyo.

Daktari wa Mwanza alilipekua daftari lile kuliko alivyowahi kuangalia kadi yangu yoyote. Akanieleza kwamba prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni, na ikifika alfajiri imeshatulia. Kliniki wananipima kabla sijala, ndiyo maana kila mara napewa hongera. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ambacho husomwa kwa asilimia, kikatoka 9.6, juu mno. Glibenklamidi ikaondolewa, ikaja insulini ya asubuhi, nayo nachoma nikiwa tayari mezani.

Nikamuuliza: hii sukari inahusiana nini na saratani? Hakuzunguka. "Mzee, tafiti nyingi zinaonyesha wanaume wenye vyote viwili huishi muda mfupi kuliko wenye saratani peke yake. Na si saratani tu inayowaondoa, moyo nao unachukua wake." Kwa hiyo presha na kolesteroli vikaingia kwenye daftari lilelile.

Kuna ndugu aliniambia metformini yenyewe inatibu tezi, niongeze dozi. Niliuliza hilo pia. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao STAMPEDE uliwapa metformini wanaume wasio na kisukari walioanza matibabu ya homoni. Haikuthibitika kwamba inarefusha maisha yao, ila iliwasaidia kwenye uzito na sukari. Basi naimeza kwa ajili ya sukari, kwa dozi niliyopangiwa.

Ugali wa muhogo sijauacha. Mtu wa Ujiji aache muhogo ale nini? Ila mlo mkubwa nimeuondoa jioni, na mawese nayapima kwa kijiko. Ikifika saa kumi natembea mpaka ziwani, polepole kwa sababu ya mgongo, narudi na dagaa.

PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume, ilianza 112, ya mwisho ilikuwa 1.3. Sukari ya jana jioni ilikuwa 9.8. Daktari anataka ishuke zaidi. Mke wangu anasema ni ile ndizi niliyokula nikidhani haoni, na ameiandika.