Kama wewe vile

Wiki hii mama ametoka hospitali, ofisini tumehamia ghorofa ya juu, na bado kinachonikosesha usingizi ni sentensi moja ya wifi. Alikuwa akisoma kwenye simu, akacheka: "Huyu mtu anaandika unavyoongea wewe vile."

"Nani huyo?" nikamjibu. Haraka mno. Asiye na la kuficha angeuliza, "Anasema nini?"

Nani huyo. Nani huyo. Jamani.

Huyo ni mimi, kwa jina la bandia, na milango mingine ya kunitambua nimeifunga zamani. Lakabu ina barua pepe yake, na namba yangu haijawahi kuigusa: ukisajili akaunti kwa namba ambayo watu wanayo, programu husoma orodha za simu zao na kuwaletea jina lako la bandia kama mtu wanayeweza kumfahamu. Picha ya kamera hubeba saa, aina ya simu, na mahali kama umeruhusu. Naipiga picha ya skrini na kutumia hiyo, ingawa uso ulioakisiwa kwenye kijiko hauondoki mpaka uukate mwenyewe. Faili nalo huficha jina la mwenye kompyuta kwenye sifa zake, na ukiligeuza PDF mara nyingi jina huenda nalo. Wengi huumbuliwa na hilo la mwisho, la kijinga kuliko yote.

Mdomo je? Mwaka 2013, mwandishi wa riwaya Robert Galbraith alipojulikana kuwa ni J.K. Rowling, yule wa Harry Potter, kompyuta ililinganisha urefu wa maneno na vile vineno vidogo ambavyo mwandishi hata havioni. Na hapo siri ilishavuja: wakili wa Rowling alimwambia rafiki ya mkewe.

Nikahesabu "kusema kweli" zangu: 11 katika kurasa tatu. Nikazifuta zote, kisha nikazirudisha sita. Zikitoweka ghafla baada ya wifi kusema, kutoweka kwenyewe ni saini. Ndiyo maana pia "wiki hii" ya hapo juu si wiki hii, na wifi huenda si wifi.

Ila alicheka. Cheko la kweli, mpaka akajifuta macho. Kwa jina langu sijawahi kumchekesha hata mara moja, na leo nimejikuta nikitabasamu peke yangu kwenye ngazi.

Mama hataki dawa ya saa nane usiku. Anaificha chini ya ulimi. Jana nimeiokota kwenye foronya.