Bahasha za Mweka

Mwaka 2008 nilipanda Kilimanjaro nikiwa mpagazi, na wageni wetu walikuwa Mmarekani mmoja mstaafu pamoja na mke wake, Mjapani. Tulipoteremka hadi lango la Mweka na wageni wakapokea vyeti vyao, tuliimba na kucheza kama ilivyo desturi, kisha Mmarekani akatuita mmoja mmoja na kutukabidhi bahasha, huku akitangaza kwa sauti kiasi kilichomo. Mke wake aliinamisha macho, kwani kwao si kawaida mhudumu kupewa bakshishi, sembuse kuhesabiwa fedha hadharani. Mumewe aliwahi kuhudumu mgahawani ujanani, huko Marekani ambako hadi leo sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi ifikishe kima cha chini. Kwake bahasha zile zilikuwa sehemu ya mshahara. Nasi tuliziona hivyo hivyo, maana ujira wenyewe ulikuwa wa kubahatisha.

Ndani ya basi dogo, kabla hatujafika Moshi mjini, msaidizi wa kiongozi alipita kiti kwa kiti akikusanya "ya kuitwa tena". Hakutaja kiwango. Alikunjua kiganja usawa wa goti huku akitazama dirishani, na aliyetoa aliikunja noti hadi ikalingana na ncha ya kidole. Alipofika kwa mzee mmoja wa Uru niliyekaa naye, mzee aliikumbatia bahasha yake.

"Mzee wangu, hii ni takrima tu, ya kumshukuru mkubwa."

"Takrima, ile ya wagombea kuwakirimu wapiga kura, ilishafutwa na Mahakama Kuu tangu mwaka juzi, mwanangu. Kama ni shukrani, mbona hukuiomba pale langoni, mbele ya wageni?"

Watu walicheka, hata waliokwisha kutoa. Mimi nilitoa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mtoaji kama inavyomtia mpokeaji, lakini mle garini wawili hao hawakuwa sawa hata kidogo, kwa kuwa mmoja alishika orodha ya watakaopanda juma lililofuata na mwingine alikuwa na watoto wanaosubiri unga.

Orodha ilipotoka, jina langu lilikuwemo na la mzee halikuwemo. Baadaye nilisikia kwamba anabeba mizigo upande wa Marangu, kwa kiongozi mwingine.