Maji kwanza: kupanga chakula na vinywaji vya safari ndefu kwenye boti ya wazi

Watu wengi wakijiandaa kwa safari ya bahari huanza na watakula nini, kisha nafasi ikibaki ndipo wanapakia maji. Ni kinyume. Kwenye boti isiyo na sitaha wala kivuli, jua hupiga toka juu, mwanga wake hurudi toka majini, na upepo hukausha jasho kabla mtu hajajua kwamba ametoka jasho. Njaa huvumilika siku kadhaa, kiu haikupi muda huo. Ndiyo maana kila chakula kinachotaka kupanda botini nakipima kwa swali moja: kitadai maji kiasi gani mwilini?

Anayedai ni figo. Mabaki ya chumvi na protini hutolewa kwa mkojo, na mkojo ni maji. Nyama iliyokaushwa, samaki wa chumvi na vitafunio vya chumvi vyote huongeza kiu. Wanga na sukari havina deni kubwa hivyo. Kwa hiyo maji yakipungua, vya kwanza kuachwa ni vya nyama na chumvi, na yakikatika kabisa ni afadhali kutokula. Maji ya bahari yasiguswe: yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho. Kila kikombe huchukua mwilini maji mengi kuliko kilicholeta. Wapo wanaoyachanganya na maji matamu ili yafike mbali. Wanachofanya ni kuyaharibu yale mazuri.

Hesabu yangu kwenye joto ni lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa tu. Kwenye baridi lita 3 hutosha. Juu ya hapo kuna akiba isiyoguswa, lita 2 kwa mtu kwa siku, kwa siku 3 zaidi ya zilizopangwa, maana injini huzima na upepo hulala. Watu 6 wakisafiri siku 2 wanahitaji lita 48 za safari na 36 za akiba, jumla 84. Hizo ni kilo 84, uzito wa mtu mzima aliyejaa mwili, kwa hiyo mhesabu kama abiria tangu mwanzo. Boti ikizidiwa, punguza mizigo au watu. Maji yabaki.

Yatiwe kwenye madumu ya lita 5, 17 kwa hesabu hiyo, wala si kwenye pipa moja kubwa. Mwaka 1916 Ernest Shackleton, mvumbuzi wa Antaktika, na wenzake watano walivuka kutoka kisiwa cha Elephant Island hadi kisiwa cha South Georgia, kusini kabisa mwa dunia, kwa boti ndogo iitwayo James Caird, wakiwa na mapipa mawili ya maji. Pipa moja liliumia wakati wa kupakia, maji ya bahari yakaingia, na siku za mwisho wakabaki kunywa maji ya chumvichumvi yaliyowaongezea kiu. Pigo moja liliwaharibia nusu ya maji yao. Kwa madumu 17, pigo kama hilo lingekunyang'anya lita 5.

Dumu lililowahi kubeba petroli au dizeli halifai tena kwa maji, hata ulisugue vipi, kwa sababu plastiki hunyonya mafuta na kuyatoa polepole. Kwa dumu usilolijua historia yake, litie maji, lifunge, liache usiku kucha, asubuhi unuse na kuonja. Harufu ikiwepo, liache nchi kavu. Kisha lipindue mdomo chini kwa saa moja uone kama mfuniko unavuja. Ukijaza, acha nafasi ya vidole viwili juu ili likianguka baharini lielee vizuri. Maji yenye shaka yatibu kwa dawa ya maji ya kung'arishia nguo (bleach) yenye klorini ya asilimia 5 hadi 6, isiyo na manukato: matone 2 kwa lita, yaani 10 kwa dumu la lita 5, kisha subiri dakika 30. Yakiwa na vumbi, chuja kwanza kwa kitambaa safi na uongeze matone mara mbili.

Madumu ya safari yakae chini katikati ya boti, chini ya turubai la rangi nyeupe. Ya akiba yafungwe kamba ya rangi tofauti, nusu omo (mbele), nusu tezi (nyuma), ili ajali ya upande mmoja isiyachukue yote.

Kunywa kuwe kidogo kidogo, nusu kikombe hadi kikombe kila baada ya nusu saa jua likiwa kali. Mkojo wa njano iliyokolea unasema umechelewa. Na hapa kuna jambo ambalo watu huona aibu kulitaja: wengi, hasa wanawake, hujinyima maji kwa kuogopa kukosa pa kujisaidia. Wanafika wakiwa na kichwa kinachogonga na miguu isiyo na nguvu. Ndoo yenye mfuniko na shuka la kusitiri upande wa tezi ni sehemu ya mpango wa maji, na nahodha avionyeshe kwa watu wote kabla ya kung'oa nanga.

Maji matupu hayarudishi chumvi iliyotoka kwa jasho au matapishi. Beba pakiti za chumvi na sukari za kutibu upungufu wa maji, mbili kwa mtu. Ukikosa, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Usikadirie kwa jicho. Chumvi ikizidi, dawa inageuka sumu. Soda ina sukari nyingi, na gesi yake huchokoza tumbo lililokwishachafuka. Chai ya moto kwenye chupa ya chai ni nzuri sana usiku. Pombe ibaki nyumbani: humwongezea mtu mkojo na kumpunguzia akili mahali asipoweza kumudu vyote viwili.

Kwenye chakula, adui wa kwanza ni kichefuchefu. Saa 12 za mwanzo panga kana kwamba kila mtu atalevywa na bahari. Usiku wa kuamkia safari usile vya mafuta mengi, na asubuhi usipande na tumbo tupu, kwa sababu tumbo tupu huchafuka upesi zaidi. Mkate mkavu au biskuti zisizo tamu sana, kipande kimoja kila mara, hukaa vizuri. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu, ya kutafuna au kwenye chai. Aliyetapika asubiri kama dakika 10, kisha aanze na mafunda madogo ya ile lita ya chumvi na sukari. Akigida kikombe kizima, kitarudi.

Baada ya hapo kigezo ni mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika usukani, kamba au ukingo wa boti. Chakula kinachotaka sahani, kisu au kumenya kwa uangalifu hakitaliwa. Ninachokipenda ni mfuko wa siku, mmoja kwa kila mtu: biskuti kavu gramu 200, mkate gramu 150, karanga zisizo na chumvi gramu 100, tende 10, ndizi 2 na machungwa 2 yaliyochanjwa ganda tayari. Hizo ni takriban kalori 2,400. Machungwa hayapo kwa ajili ya kuzuia kiseyeye, ambacho huchukua wiki nyingi kutokea. Yapo kwa maji yake, na kwa mdomo uliochoka na chumvi. Ndizi ziwe za hatua tofauti za kuiva, vinginevyo zote zitalainika siku moja. Kila mfuko uwe ndani ya mfuko wa pili, umefungwa fundo, kwa sababu biskuti iliyopata unyevu wa bahari huwa tope kabla ya jioni.

Chakula kilichopikwa kiliwe katika mlo wa kwanza tu. Kanuni ni saa 2 nje ya baridi, na saa 1 joto likipita nyuzi 32. Wali ndio unaodanganya zaidi: mbegu za bakteria Bacillus cereus huhimili kupikwa, huamka wali ukipoa taratibu, na sumu yake haiondoki ukiupasha tena. Mayai ya kuchemsha nayo yamo kwenye kanuni hiyohiyo. Jodari au samaki wa jamii yake aliyekaa juani asiliwe hata akikaangwa, kwa sababu histamini iliyokwishajengeka haiharibiwi na moto. Kuhusu moto wenyewe, jiko la mkaa au gesi karibu na tangi la petroli sikubaliani nalo kabisa. Pika nchi kavu.

Chakula cha kopo ni kizuri kama kopo linatosha mlo mmoja, kwa kuwa likifunguliwa halihifadhiki. Andika kilichomo kwa rangi, kwani karatasi itabanduka. Pipa la chakula, lenye mfuniko wa kuzungusha, likae mbali na mafuta. Mkate hunyonya mvuke wa petroli, na aliyelevywa na bahari hataugusa.

Safari ikirefuka, mtu mmoja tu agawe, kwa kipimo kinachoonekana na wote. William Bligh, nahodha wa meli ya Kiingereza Bounty ambaye waasi walimshusha kwenye boti ya wazi pamoja na wenzake 18 mwaka 1789, alitengeneza mizani ya vifuu viwili vya nazi na kupima mkate kwa risasi ya bastola, na kwa kipimo hicho walifika Timor baada ya siku 47. Anza kupunguza chakula mapema. Kabla ya kupunguza maji, punguza jasho: tanda turubai, acha kazi zisizo za lazima mchana, lowesha nguo kwa maji ya bahari, na uzikaushe kabla jua halijazama.

Mvua ikija, turubai hilohilo hukusanya maji, lakini limejaa chumvi. Acha mvua ilioshe, mwaga yale ya kwanza, onja yanayofuata. Yasipokuwa na chumvi, yatie kwenye dumu lililokwisha, usiyachanganye na yaliyobaki, kisha hesabu matone ya ile dawa ya klorini.