Koti langu la mvua limegoma kufa

Leo nimelitoa koti langu la mvua nikalitupe, nikaishia kulirudisha msumarini. Miaka 11 sasa. Utando wa ndani unabanduka kama nyoka anayejivua gamba, mvua ikizidi dakika 10 mabega yameshalowa, na zipu haipandi mpaka uibembeleze kwa nta ya mshumaa. Lakini mkono wa kulia una kiraka nilichokishona gizani, ndani ya hema, kwa uzi mwekundu maana ndio uliokuwepo. Kimepinda vibaya jamani! Mfukoni nimekuta njiti ya kiberiti na mchanga, sijui wa safari ipi. Jipya ninalo, halipitishi hata tone. Ila kila nikitembea linapiga kelele, shwaa shwaa, kama mfuko wa plastiki.